Jumapili ya Mzee Mwigizaji

Mwaka ule wa 2015 nilikuwa nimechoka hadi kwenye mifupa. Kule Columbus, hapa Marekani, nilikuwa nimebeba maboksi ghalani mpaka mgongo ukagoma, ndipo nikaja Buffalo kutunza wazee. Nikapewa mzee mmoja wa Ireland, mwigizaji. Kumwogesha, kumlisha, kumbadilishia mashuka na kumsikiliza. Hiyo ya kumsikiliza ndiyo ilinimaliza, maana mdomo wake haukuwa na breki.

Alianzia jukwaani Dublin akiwa kijana, kisha akahamia sinema. Staa? Wapi! Alikuwa padri, polisi, mlevi wa baa, na mara nyingi maiti.

"Hakuna mtu aliyekufa mara nyingi kama mimi," aliniambia.

"Mzee, mimi natoka Kivu, Congo, kwenye vita. Kwa habari za vifo usinitanie."

Alicheka mpaka akakohoa.

Alikuwa na binti mmoja tu, anaishi Louisville. Binti huyo hakuwahi kumwona baba yake jukwaani hata siku moja, kwa sababu utoto wake wote baba alikuwa safarini. Sasa alikuwa ameahidi kuja. Mzee akaomba apewe ukumbi wa nyumba ya wazee, Jumapili mchana, aigize kipande kimoja tu: baba anayemwomba mwanawe msamaha. Wiki tatu nilimshikia karatasi ya maneno yake, naye akiyasema maneno kitandani, haraka haraka, bila kupumzika. Aliogopa kusahau. Hata mimi niliogopa, maana jina langu alishaanza kulisahau.

Jumapili hiyo nilitoka kanisani kwetu, mtaa wa Bailey, nikaenda moja kwa moja ukumbini na kitenge changu. Binti alikaa mbele, amekunja mikono. Mzee akaanza, kwa sauti ambayo sijui aliitoa wapi. Akafika pale baba anapokutana na mwanawe. Akanyamaza.

Bon, sawa. Kwetu kanisani, mtu akisimama mbele akanyamaza, amekwama. Mama yeyote mwenye huruma anamdaka kwa wimbo kabla hajaaibika. Nikangoja, mzee kimya. Binti alikuwa ameziba mdomo, macho yamejaa machozi. Yesu wangu, anaaibika mbele ya mtoto wake! Nikasimama, nikaanzisha pambio kwa makofi na vigelegele. Wazee wenzake wakaitikia kwa makofi, ukumbi ukachangamka. Binti akapangusa macho, akacheka, akapiga makofi naye.

Nilimsukuma mzee kwenye kiti chake cha magurudumu hadi chumbani, najiona shujaa kabisa.

"Pole, mzee. Kila mtu anasahau."

"Sikusahau," alisema. "Pale yule baba anakosa neno. Anamtazama tu mtoto wake, mpaka mtoto amwelewe."

Nilipiga magoti kumvua viatu. Niliona haya, na mpaka leo naona haya. Nilimwomba msamaha kwa Kiingereza chote nilichokuwa nacho.

Mzee akafumba macho.

"Alikuwa ameanza kunielewa, mama. Ungeningoja kidogo tu."