Wa Kuonja Mbege

Shule niliiacha mapema nikakate majani ya ng'ombe, kwa hiyo nitasema kama ilivyokuwa. Kitinda mimba wangu alikuwa mlevi. Kaka zake walishuka mlimani kutafuta maisha, yeye akabaki kwenye kihamba, shamba letu la ukoo, maana kwetu Kibosho mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayerithi nyumba, migomba na mama yake. Alianza na mbege, pombe yetu ya ndizi, kama watu wote, akafika kwenye gongo. Mkewe akachukua watoto akarudi kwao.

Kuchoka kwa jembe nakujua. Ukilala kunakwisha. Huku kwingine unaamka nako. Nilichoka kumsikia akihangaika na komeo la geti. Nilichoka kumwambia "Achama" ninuse mdomo wake, mwanamume mwenye ndevu.

Nesi wa zahanati ndiye aliyeniambia kuna kikundi Moshi mjini cha watu wanaosaidiana kuacha pombe.

"Wanatoa dawa gani?" nikamuuliza.

"Hawana dawa, bibi. Wanakaa, wanaongea."

"Huyu wangu akilewa anaongea mpaka kuku wanaamka. Mbona hajapona?"

Lakini nilikwenda, kwa kuwa sikuwa na pengine pa kumpeleka. Jumamosi nilimkamata kabla hajatoka, nikamvalisha shati la kanisani, tukashuka.

Chumba chenyewe kilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa la Mhindi mmoja. Tulikuta watu wachache kwenye viti vya plastiki, na chupa ya chai katikati. Mwenye duka alipopanda ngazi nikajua anakuja kutufukuza. Akavuta kiti, akakaa, akasema yeye ni mlevi na leo hajanywa. Nimenunua vitenge kwa mtu yule tangu nikiwa msichana.

Zamu ya mwanangu ilipofika aliinamisha kichwa. Nikasimama mimi. Nilikuwa nimeanza kueleza alivyouza mtamba wetu, mama anayeongoza akanikatiza. Huyo alikuwa na baa zamani, akainywa yote mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Wewe unakunywa?"

"Sijawahi."

"Basi kaa unywe chai. Hapa kila mtu anajisemea."

Walicheka, hata mwanangu. Nilikaa na hasira zangu, chai nikainywa.

Tukawa tunakwenda kila Jumamosi. Pombe aliacha, ila kusema hakusema. Anakaa anatazama viatu. Nilimwambia yule mama kwamba tunapoteza nauli. Akanijibu, "Anakuja, si anakuja? Mwache." Mimi sikuamini. Mtu asiyeweza kusema mbele ya walevi wenzake atawaambia nini wazima? Na Krismasi ilikuwa inakaribia.

Asiyejua Krismasi ya kwetu nimweleze. Watoto wote wanapanda mlimani, wa Dar, wa Arusha, wote. Mbuzi anachinjwa, mbege inamiminwa. Na mgeni hanywi mbege mpaka mwenye nyumba aonje mbele ya watu, waone haina kitu kibaya ndani. Mwenye nyumba, tangu baba yao alipokufa, ni huyu wa mwisho.

Mwaka huo nilikataa kupika mbege. Shemeji yangu, kaka wa marehemu mume wangu, akasema haijapata kutokea. Akaleta ya kwake, pipa zima, akidhani ametuokoa na aibu. Watu wakakaa uani kwenye mabenchi. Akachota kwa kata, ule upawa wetu wa kibuyu, akampa mwanangu.

"Onja, mangi, tunywe. Makoo yamekauka."

"Baba mkubwa, mimi naomba uniache."

"Umeokoka?"

Wakacheka. Kaka yake mmoja akapiga kelele, "Labda ameweka sumu apate kihamba peke yake! Na mbuzi tumeshamla!"

Wakacheka tena, ila si sana. Kwetu mwenye nyumba akikataa kuonja, hata utani una mwiba.

Kata aliipokea, mbege ikimwagikia vidole. Nilimwona akiangalia lile povu. Miguu yangu ilitaka kwenda kumnyang'anya. Nikajilazimisha kukaa, nikashika benchi. Nilijua akionja, kesho nitamtafuta mtaroni, na safari hii sitakuwa na nguvu ya kumbeba.

"Mimi ni mlevi," akasema. Sauti ilitoka ndogo, akarudia. "Mimi ni mlevi, baba mkubwa. Nikionja sitaishia hapo. Mbege ni nzima. Mama ataonja."

Akaja akanipa kata. Mimi, ambaye maisha yangu yote nimeipika na sijaimeza. Nikanywa. Chachu, na ulezi ukabaki kwenye meno.

"Haya, kunyweni," nikawaambia. "Nikifa mtaona."

Hakuna aliyecheka. Shemeji yangu alikunywa ya kwake taratibu, akafuta mdomo, akasema, "Mleteeni huyo soda."

Jumamosi iliyofuata magoti yalinikataa, akashuka peke yake. Siku nzima nilikaa jikoni nikisikiliza geti. Aliporudi jua lilikuwa bado lipo. Komeo lilifunguka mara moja. Akaja mpaka mlangoni, akainama kabla sijasema, akaachama.

Nikanusa. Chai ya tangawizi.

"Funga mdomo," nikamwambia. "Ng'ombe hawajakatiwa majani."