Cucu Ameshika Jembe Jumapili

Marafiki! Leo nimeona Cucu Wanjira akilima Jumapili!

Kama humjui, huyo nyanya ndiye mama mzee wa kanisa letu hapa Naro Moru. Juzi tu alinigombeza mbele ya watu, ati nimeanika nepi siku ya Bwana.

Sasa sikieni.

Asubuhi pasta ametuambia mwenye ploti ameuza, na kanisa letu la mabati lazima liondoke mwezi huu. Jumapili ya kwanza ya mwaka! Pasta akasema basi tumwombe Mungu atuonyeshe mahali pa kwenda.

Katikati ya maombi, Cucu akatoka nje. Nikajua amekasirika.

Kumbe!

Tulipotoka tulimkuta ng'ambo ya barabara, kwa shamba lake, na kile kitambaa chake cheupe cha ibada kichwani, anang'oa kwa jembe viazi ambavyo hata havijakomaa. Na hicho ndicho chakula chake.

Nikapiga kelele, "Cucu! Leo ni Jumapili!"

Hakuinua hata kichwa.

"Si mmeomba mahali? Ama kanisa litasimama juu ya viazi?"

Pasta alibaki tu hapo, Biblia kwapani.

Mimi nikamfunga mtoto vizuri mgongoni, nikavua viatu, nikaingia shambani.

Mgongo unauma, na mwaka huu sijui utatuletea nini. Lakini tuko na mahali.

Na nepi nimeanika saa hii. Nani ataniuliza?