Kapteni Atatusubiri

Siku hizi nikisikia mtu ameitwa "kapteni", hata kama ni kapteni wa timu ya mpira kwenye televisheni, naangalia chini. Na afadhali niwasimulie mwenyewe kabla hamjaipata kwa Sista Priscah, maana yeye akianza huongeza chumvi mpaka mimi mwenyewe nashangaa huyo mjinga ni nani, ilhali ujinga wangu ulitosha jinsi ulivyokuwa, haukuhitaji kuongezwa.

Kwanza mjue kazi yangu. Namtunza bibi mmoja hapa Al Rayyan, mwenye nyumba, ambaye sisi wafanyakazi tunamwita Mama Kabira kama wanavyoitwa mabibi wote wakubwa wa nyumba za Doha. Magoti yake yamechoka, ulimi uko mzima kabisa. Mimi ndiye ninayempa dawa, ninayemvalisha, ninayemsukuma kwenye kiti cha magurudumu. Binti yake ndiye Madam, mtu wa mikutano asubuhi na jioni, simu mbili mkononi na zote zinalia.

Sasa jioni moja Madam akatangaza mezani kwamba familia itaenda likizo kwa meli, huko Karibiani. Meli ndogo, akasisitiza, si yale mameli makubwa yanayofanana na mall inayoelea, hii ni ndogo ya watu wachache wenye heshima zao, inaingia kwenye visiwa vidogovidogo, na kila kisiwa mnashuka, na lazima muamue mapema mkishuka mtafanya nini, nani atapanda mlima, nani ataangalia kasa, nani atakaa tu anywe juisi. Yeye hakuwa na muda wa kupanga mambo hayo. Akatuangalia wote, kisha akanigeukia mimi.

"Mkamburi, wewe si umetoka Pwani ya Kenya? Bahari unaijua?"

Hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Mimi natoka Voi. (Mkenya yeyote anayesikiliza ameshaanza kucheka.) Voi kwa hesabu za serikali iko Pwani, ni kweli, lakini undugu wetu na bahari unaishia hapohapo kwenye hesabu za serikali, kwetu ni udongo mwekundu, katani, na ndovu wanaokuja kumaliza mahindi ya watu. Bahari niliiona kwa dirisha la ndege nikija Doha, tena shingo ikauma kwa sababu sikukaa upande wa dirisha. Lakini nilitaka kwenda, jamani. Tangu nifike huku nilikuwa najua nyumba, kliniki na mall, na kila mahali nilipokwenda nilikwenda kwa kuwa mtu mwingine anakwenda. Nilitaka mara moja tu niambiwe "na Mkamburi pia", nami nipande kitu kinachoelea, nipige picha nimeshika reli.

Basi nikasema, kwa Kiingereza changu cha siku za Jumapili, "Madam, hiyo niachie mimi. Mimi ni mtoto wa bahari."

"Zein," akasema, yaani vizuri. "Ukipanga vizuri unakuja na sisi. Utakaa na Mama."

Nikapewa tableti yenye picha za visiwa vyenyewe. Wacha niwaambie, sijawahi kudharau kitu haraka vile. Kila kisiwa kina maporomoko ya maji, kina ngome ya zamani yenye mizinga iliyoota kutu, kina ufuo, na kina mzee mmoja ambaye kazi yake ni kuwaonyesha wageni namna kungumanga inavyokaushwa. Kungumanga! Watu wanavuka nusu ya dunia, wanavaa kaptula, wanasimama kwenye jua kuangalia kiungo cha pilau kikikauka. Nikasema moyoni, kama akili za wasafiri wenyewe ni hizi, basi kupanga safari yao kutanishinda kwa lipi?

Nikapanga basi. Na nikapanga kwa ile njia ninayoijua ya kumtoa Mama Kabira nje. Hapa Doha humtoi bibi mzee mchana, utamuua. Anakula, analala, anaamka alasiri anaswali, anakunywa kahawa yao ya gahwa taratibu, anavalishwa, anafukizwa udi, kisha magharibi ikiingia ndiyo tunatoka, na Musoke (dereva wetu, Mganda mpole sana) anakuwa ameshaleta gari mpaka mlangoni. Tukifika tunakokwenda, Musoke anasubiri. Injini haizimwi, kiyoyozi kinawaka, atasubiri hata mpaka baada ya isha, mpaka Mama aseme "khalas", ndipo turudi. Hiyo ndiyo safari, na nyingine sikuwahi kuiona. Kwa hiyo kila kisiwa nikatushusha baada ya alasiri, bustani ya maua nikaiweka magharibi, soko nikaliweka isha, na kasa pia nikawaweka usiku maana nani anamtazama kasa kwenye joto. Na kila nilipohisi tutachelewa sikuhangaika hata kidogo. Kapteni atatusubiri.

Laiti ningenyamaza. Lakini Ijumaa ikafika (sisi Wakristo wa huku ibada yetu ni Ijumaa, Jumapili watu wako kazini), nikaenda ushirika wetu unaokutana Muaither, sebuleni kwa Sista Priscah. Priscah ni nesi na ndiye kiongozi wa akina mama, mtu ambaye ukikohoa tu ameshakufanyia kamati. Wakati wa ushuhuda nikasimama nikasema, "Bwana asifiwe. Naomba maombi, nasafiri kwa meli, Karibiani," na nikalitamka hilo neno Karibiani polepole ili wa nyuma nao wafaidi.

Mnajua Wakenya wa Doha na kumuaga mtu. Anayekwenda likizo Kisii tu anapikiwa chapati, sembuse mimi! Wakapika. Wakaniwekea mikono kichwani. Sista Priscah akakemea mawimbi, akakemea papa, akakemea na maharamia, halafu wakanivika zawadi, kofia kubwa ya jua yenye utepe wa manjano, pana mpaka jirani zangu wa pande zote mbili wakapata kivuli. Nikapiga picha nimeivaa. Nikajiona mtu.

Jioni ileile ndiyo Madam alitaka asikie mpango. Aliwaalika shangazi zake kwenye majlisi ya wanawake, ile sebule yao ya wageni, televisheni kubwa ikaunganishwa na simu ya video, na kwenye skrini akatokea Desmond, bwana wa melini anayesimamia mambo ya kushuka visiwani, mwenyeji wa hukohuko, sauti yake ya upole. Madam akanitambulisha mbele ya wote: mpangaji wetu, mtoto wa bahari. Shangazi wakaitikia "mashallah". Nami nikasimama nikaanza kusoma kama mtu anayesoma habari.

Sikufika mbali. "Kisiwa cha kwanza, magharibi, bustani ya maua..."

"Samahani, dada," Desmond akasema, "magharibi meli itakuwa imeshang'oa nanga."

"Hiyo si shida. Kapteni atatusubiri."

Akacheka, akidhani natania. "Hapana, dada. Hasubiri."

Mtu mwenye akili angeomba maji akae. Mimi nikamwonea huruma Desmond! Nikaona huyu hajawahi kufanya kazi na familia kubwa, wacha nimweleze. "Hujaelewa," nikamwambia. "Kuna mama mzee. Mwambie kapteni asogeze meli mpaka karibu na lango, injini asizime, na kiyoyozi akiache kikiwaka, Mama hapendi joto."

Halafu shangazi mmoja, mnene, wa jalabia ya buluu, akamwaga gahwa yote mapajani, na hapo wakaachilia kicheko ambacho nadhani kilifika kwa majirani. Desmond masikini alijikaza. Akaeleza kwamba meli haisogei kwenye lango lolote, inatia nanga mbali, watu wanaletwa nchi kavu kwa viboti, na atakayechelewa ataifuata meli kisiwa cha mbele kwa njia zake mwenyewe. Kisha kwa upole uleule akaongeza kwamba soko kubwa nililoliweka kisiwa cha pili, siku ile ni Jumapili, na Jumapili kisiwani kwao kila kitu kimefungwa, watu wako kanisani. Mimi! Mtoto wa mzee wa kanisa! Nilikaa Doha mpaka nikaisahau Jumapili.

Madam hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alikuwa anaangalia zulia. Desmond akajaribu kunisaidia, akasema, "Lakini dada wa pwani atafaa sana kumshika Mama akivuka kutoka melini kuingia kwenye kiboti, mawimbi yakikipandisha na kukishusha. Umezoea hayo, sivyo?"

Ningesema "ndiyo". Neno moja tu. Badala yake nikauliza, "Kwani hakuna lifti?"

Sitawasimulia kicheko cha pili. Nitawasimulia Mama Kabira, ambaye muda wote huo alikuwa kimya kama si yeye anayepangiwa. Aliweka kikombe chini akasema kwa Kiarabu, polepole, hata mimi nikaelewa kila neno, "Baba yangu alizamia lulu. Bahari naijua, ndiyo maana siitaki. Mmenipangia visiwa vyote na hakuna aliyeniuliza. Mimi nabaki nyumbani." Halafu akaninyooshea kidole. "Na huyu mtoto wa bahari atabaki na mimi."

Basi safari yangu ikaishia kwenye zulia lile. Nilimsukuma Mama mpaka chumbani nikamlaza, kisha nikaingia chumba cha kufulia nikalia, mashine ikizunguka ili nisisikike. Musoke alikuwa ameshapata habari (sijui kwa nani, nyumba hizi kuta zina midomo). Aliponiona akaniita bibie kwa Kiganda chake, "Nyabo, mimi nasubiri kwa sababu nimeajiriwa kusubiri. Kapteni naye, nani alimwambia wewe ni bosi wake?"

Hapo ningewaambia ushirika ukweli, hadithi ingekufa. Sikuwaambia. Familia ikaondoka, na kwenye kundi letu la simu Sista Priscah akaandika, "Dada yetu yuko baharini, tumweke kwenye maombi." Nikajibu kwa alama ya mikono iliyofumbatana. Si uongo, ni mikono tu. Kesho yake akauliza mawimbi yakoje, nikaandika kwamba mtandao huku ni wa shida. Wakafunga kwa ajili yangu. Watu wazima, manesi wa zamu, walishinda bila kula wakiniombea bahari itulie, na mimi niko Al Rayyan nakunja soksi.

Siku moja Mama Kabira akatamani boga. Si boga la kuletewa, alitaka kulichagua mwenyewe, kwa hiyo Musoke akatupeleka sokoni Abu Hamour, baada ya magharibi, kama kawaida yetu. Mama alikuwa ameipenda ile kofia yangu, akaiweka mapajani imepinduliwa, anatupia ndimu humo kama kikapu. Nimeinama nimeshika boga, nalipigapiga nisikie kama limekomaa, nikasikia nyuma yangu sauti niliyoizoea kwenye kukemea papa.

"Mkamburi?"

Nikageuka. Sista Priscah, na akina mama watatu wa ushirika, na toroli limejaa unga wa chapati. Wakaniangalia mimi, wakaangalia boga, wakaangalia kofia ya utepe wa manjano iliyojaa ndimu.

"Wewe si uko baharini?"

Na mimi, Mungu anisamehe, nikafungua mdomo nikasema, "Tumeshuka kidogo."

"Mmeshuka," Sista Priscah akarudia. "Abu Hamour."

Mama Kabira, ambaye hapendi watu wasimame wakiongea juu ya kichwa chake, akauliza hawa ni nani na wanataka nini. Nikamwambia ni rafiki zangu, wanauliza habari za meli. Akawageukia, akawaeleza kwa kile Kiarabu cha jikoni ambacho kila mfanyakazi wa Doha anakielewa, tena kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri, watu wa upande wa samaki wakageuka.

"Meli mafi! Kapteni mafi! Mkamburi mafi kwenda!" Na kwa kuwa alikuwa na siku nyingi hajapata wasikilizaji, akawasimulia na habari ya lifti.

Hakuna. Meli hakuna, kapteni hakuna, Mkamburi hakwenda. Sista Priscah alishika toroli lake kwa mikono miwili, na nikaona macho yake yamelowa, si ya kucheka. "Mimi nilifunga," akasema. "Nilitoka zamu ya usiku nikafunga." Akaondoka, wenzake wakamfuata. Ningependa kuwaambia kwamba wakati ule nilimdharau kama nilivyozoea kumdharau, lakini nilikuwa nimeshika boga na sikuwa na mtu wa kumdharau isipokuwa mwenye boga.

Nje Musoke alikuwa anasubiri, injini inanguruma, kiyoyozi kinawaka. Akamwangalia Mama, akaniangalia mimi, akafungua mlango.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda Muaither nikaomba msamaha nikiwa nimesimama palepale nilipotamkia Karibiani. Walinisamehe, ndiyo, ila waliniwekea mikono tena, na safari hii aliyekemewa hakuwa papa. Kofia niliirudisha, iko kwa Sista Priscah, bado inanuka ndimu, inasubiri mtu atakayesafiri kweli.

Tangu hapo nimeapa, mtu akiniuliza kama najua kitu nasema sijui, hata kama ni njia ya kwenda jikoni. Na kwenye ushirika wetu sasa kuna utaratibu mpya. Mtu akisimama kutangaza safari, kabla ya chapati, kabla ya maombi, Sista Priscah humwomba kwanza aonyeshe tiketi. Haniangalii anaposema hivyo. Wengine wote wananiangalia, nami naangalia chini.