Mjusi wangu na mtoto wa Mama Shiru

Watu wangu, hebu sikieni ya leo.

Mnamkumbuka yule mjusi mkubwa mwenye ndevu za miiba? Niliachiwa wiki jana na familia ya Kihindi niliyokuwa nikiwafundishia watoto, walipohama Nakuru.

Leo stima imepotea tangu asubuhi, na bila taa yake ya joto hali kitu. Nikamtoa nje aote jua.

Simu ikalia. Nikageuka dakika moja tu.

Mjusi hayuko!

Nikatafuta chini ya karai, nyuma ya tanki. Kumbe amejilaza kwa blanketi la Shiru, mtoto wa jirani, aliyekuwa amelala kwa mkeka. Miezi saba tu, jamani.

Na Mama Shiru amesimama hapo na jembe. Huyu ndiye aliyeapa kuikata vipande "hiyo nyoka yenye miguu".

"Mwalimu," akanong'ona, "mtoe. Pole pole."

Nikapiga magoti. Shiru akaamka, akamshika mjusi ndevu, akavuta.

Koo la mjusi likafura, likawa jeusi tii. Mdomo ukafunguka. Jembe likapanda.

Mjusi akafumba macho, akakubali kuvutwa. Shiru akacheka mpaka akashikwa na kwikwi.

Nikamfungua vidole kimoja kimoja. Mama yake akaketi chini, machozi yakimtoka. Niliomba msamaha mara kumi. Alimwangalia tu mjusi.

"Anakula sukuma?"

"Anakula."

Akachuma majani mawili ya mboga hiyo, akanirushia kwa mbali.

Sasa mniambie ukweli: mngekuwa mimi, kesho mngemtoa nje?