Upande wa Kulia Umekufa

Mimi si mtu wa kushtuka ovyo. Kazi yangu ni kufunga intaneti majumbani mwa watu, na humo majumbani nimeona mengi. Nimekuta rauta imefungiwa kabatini pamoja na sufuria, eti watoto wasiichezee. Nimekuta nyingine imevishwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi, halafu mwenye nyumba ananigombeza mimi kwamba mtandao unasuasua. Nimezoea. Lakini yaliyonikuta kwa baba mdogo Ijumaa ile, jamani, mpaka leo nikiyasimulia mwili unanisisimka.

Baba mdogo huyu ni mdogo wake baba yangu, tumbo moja, na ukoo mzima unamwita Sikio. Miaka thelathini alikaa nyuma ya kioo cha studio ya redio, hedifoni kichwani, akirekodi kwaya na michezo ya kuigiza na hotuba za wakubwa. Siku moja aliisimamisha kwaya ya watu arobaini katikati ya wimbo, akatoka chumbani kwake, akaenda moja kwa moja mpaka kwa mwimbaji wa safu ya nyuma, akamwambia, "Toa funguo mfukoni." Na funguo zikatoka! Nyumbani ndiyo usiseme. Mama mdogo hakuthubutu kukoroga chai karibu na mlango wake. Sisi watoto tukienda kumsalimia tulikuwa tunatembea kwa ncha za vidole kama wezi.

Alipostaafu hakupumzika. Studio moja ya watu binafsi ilimpa kazi ya kusikiliza. Rekodi ikikamilika wanamtumia kwa mtandao, naye anaisikiliza chumbani kwake, kwenye zile spika zake mbili zilizonipita urefu, kisha anapiga simu. Akisema "ipite," inatoka. Akisema "irudi," inarudi, na hakuna wa kumuuliza kwa nini. Ndiyo heshima aliyobaki nayo, na aliilinda kwelikweli.

Basi Jumatatu moja asubuhi akanipigia simu.

"Rauta yako imeniharibia muziki. Upande wa kulia umekufa, na kuna mluzi mwembamba hauishi."

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Umesikia nilichosema?"

Nilikuwa juu ya ngazi kwenye ofisi ya watu, waya nimeuuma kwa meno, jasho linanitiririka. Nikamwambia azime, ahesabu mpaka thelathini, awashe. Akazima, akahesabu kwa sauti mpaka nikachoka mimi, akawasha. Kulia bado kumekufa. Sasa, fundi yeyote wa kweli anajua kwamba rauta haiui upande mmoja. Mtandao ukigoma, muziki wote unakatika, kulia na kushoto. Nilijua hilo kama ninavyojua jina langu. Lakini nani abishane na Sikio? Nikajiambia mzee amechanganya maneno tu, anataka kusema muziki unakatikakatika. Nikamwambia rauta yake imezeeka, nitamwagizia mpya, ya maana, ya kubeba muziki mzito kama wake, na itachukua siku kumi kufika. Avumilie. Akasema atavumilia, nami nikarudi kwenye waya zangu.

Katika siku hizo kumi yakazuka mengine. Studio ilimtumia rekodi ya mwanamke mmoja anayeimba na magitaa mawili, akairudisha. Wakaigusagusa wakamtumia tena, akairudisha tena. Akasema vitu vyote vimelundikwa kushoto, kulia hakuna kitu. Aliyerekodi ni dada mmoja, fundi sauti mgeni pale, ana watoto wawili, na huo ulikuwa mwezi wake wa tatu kazini. Dada akaapa kwamba pande zote mbili ni nzima. Mwenye studio hakutaka kusikia. Akamwambia baba mdogo, "Mzee, ukiirudisha mara ya tatu, huyu anaondoka."

Hapo ndipo ujue kwamba baba mdogo ni mkali lakini si dhalimu. Alinipigia usiku wa Alhamisi, sauti yake imeshuka.

"Rauta imefika?"

"Imefika leo."

"Njoo kesho mapema. Saa nane mchana mwenye studio atanipigia kutaka jibu. Siwezi kumfanya mtu amwage unga kwa ubovu wa nyumba yangu. Nataka mtandao uwe safi kabisa kwanza. Nikisikiliza na kulia bado kumekufa, basi kosa ni la yule dada, na nitasema hivyo."

Ijumaa saa nne niko mlangoni, boksi kwapani. Mama mdogo alinipokea kwa mnong'ono, na nyumbani kwake mnong'ono ndiyo sauti ya kawaida. Aliyonieleza yaliniacha mdomo wazi. Eti ule mluzi umewatesa wiki nzima na ushee. Wamezima friji mpaka maziwa yakaganda. Saa ya ukutani imetolewa betri. Jirani ameombwa azime pampu yake ya maji, akazima huku anatukana. Mwisho wakazima swichi kuu, nyumba nzima ikawa haina umeme.

"Na mluzi?"

"Anasema upo."

"Hee! Umeme haupo, mluzi upo? Wewe unausikia?"

"Mimi? Mwanangu, mimi nasikia nini. Mimi naambiwa." Akanishika mkono. "Na juzi alipepesuka pale koridoni, akajishikilia ukutani. Nikadhani ni hasira."

Nami nikadhani ni hasira. Tazama watu wazima wawili, tumesimama jikoni na akili zetu timamu!

Nikaingia kazini. Ile rauta ya zamani niliikuta nyuma ya televisheni, imebanwa na rundo la magazeti, ina joto la pasi. Nikaing'oa. Mpya nikaipandisha juu, mahali pa wazi, mbali na ukuta wa jikoni. Kisanduku cha mzee kinachopokea muziki kutoka mtandaoni sikukiacha kitegemee mawimbi ya hewani. Nilikivutia waya wake mwenyewe kutoka kwenye rauta, mita kumi na mbili, nikaubana vizuri pembeni mwa sakafu. Simu na televisheni nikazitengea njia yao, na muziki nikaupa kipaumbele, ili hata majirani wote wakija na simu zao, spika za mzee zihudumiwe kwanza. Kisha nikaujaribu mtandao kwa dakika ishirini nzima. Haukudondosha kitu. Nimefunga mitandao mingi maishani, lakini ule, sijisifu, ulikuwa umenyooka.

Baba mdogo alikuwa amekaa kwenye kiti chake muda wote, katikati ya chumba, mikono magotini. Kiti kile kilipimwa kwa utepe miaka mingi iliyopita na hakijawahi kusogezwa hata kidole. Saa saba na nusu nikamwambia, "Tayari."

Kwa mara ya kwanza maishani mwangu akaniruhusu nikae ndani anaposikiliza. Nikajikunja kwenye mkeka, karibu na mlango. Akabonyeza.

Jamani, ule muziki! Gitaa la kwanza lilianza kushoto, polepole, halafu sauti ya yule mwanamke ikasimama katikati ya chumba kana kwamba amekuja kutusalimia. Kisha gitaa la pili likaingia upande wa kulia. Nililisikia wazi. Nilisikia mpaka kucha zikikwaruza nyuzi. Nikatabasamu, nikamgeukia mzee nione atakavyofurahi.

Uso ulikuwa umemkunjamana.

"Ni yule dada basi," akasema. "Kulia hakuna kitu." Akanyoosha mkono kuchukua simu.

Nikapigwa na butwaa. Na unajua nilifikiri nini? Nilifikiri masikio yangu ndiyo mabovu. Naapa. Gitaa linanililia upande wa kulia, nami nakaa pale najiuliza kama nasikia kweli, kwa sababu Sikio amesema halipo. Nikamtazama mama mdogo aliyesimama mlangoni. Naye alikuwa ananitazama kwa macho yaleyale.

"Baba mdogo, subiri," nikasema. "Nipe dakika kumi. Tuhamishe kitu kimoja kimoja, tujue kwa hakika."

Hilo hakulikataa, maana yeye mwenyewe ndiye aliyewahi kunifundisha kutafuta ubovu kwa njia hiyo, nilipokuwa naanza kazi. Nikaenda nyuma ya amplifaya nikabadilisha waya: wa kushoto nikauchomeka kulia, wa kulia kushoto. Rekodi ikiwa ndiyo mbovu, ubovu lazima uhamie kushoto.

"Sasa?"

"Kulia bado kumekufa."

Basi rekodi haina kosa! Moyo ukaniruka kwa furaha ya yule dada nisiyemjua. Ni spika, nikasema. Mimi na mama mdogo tukazikumbatia zile spika, tukazibadilisha nafasi, tukihema, mama mdogo anamwomba Mungu wake kimoyomoyo asije akaikwaruza moja.

"Sasa?"

"Kulia." Sauti yake ilikuwa imeanza kupanda. "Mnanichezea? Ni kulekule!"

Nikaweka kiganja kwenye spika ya kulia. Ilikuwa inapiga, inanitekenya mkono. Nimebadilisha rauta, waya, spika. Nikasimama katikati ya chumba nikishika kiuno, nikatafuta kwa macho kitu ambacho sijakihamisha. Kilikuwa kimebaki kimoja tu, nacho ni kiti.

"Labda ni ukuta," akasema baba mdogo. "Ukuta wa kulia unameza sauti."

"Basi tugeuze kiti, baba mdogo. Uzipe spika mgongo. Ukuta ukiwa ndio mbovu, utabaki mbovu hapohapo ulipo."

Akanikazia macho, kisha akainuka. Nikakigeuza. Akakaa, sasa anautazama mlango na sisi wawili tuliosimama hapo. Muziki ukaanza upya. Na uso wake ukafunguka! Akanyoosha kidole kwa furaha, akakielekeza kwenye spika ya upande uleule alioushutumu siku zote.

"Umeona? Imefufuka! Hii inaimba! Sasa ni ile nyingine ndiyo imekuf..."

Hakulimaliza neno. Kidole kikabaki hewani.

Mama mdogo alijiziba mdomo kwa upande wa khanga. Gitaa linaendelea kupigwa, na baba mdogo, taratibu, akakiteremsha kile kidole, akakitia kwenye sikio lake la kushoto, akaliziba. Akakaa hivyo. Sisi tulikuwa tunausikia wimbo wote. Yeye alikuwa anatutazama midomo, kama mtu anayengoja aambiwe kitu.

"Zima," akasema, kwa sauti kubwa mno. Nami nilikuwa nimeshazima.

Simu ikalia palepale. Saa nane kamili. Mwenye studio. Mama mdogo akanitangulia kuichukua, akaibana kifuani, akapiga magoti mbele ya kiti cha mume wake.

"Mwambie kesho. Mume wangu, mwambie tu kesho. Twende hospitali kwanza, labda linazibuka. Asijue mtu."

Nami nikatikisa kichwa kukubali. Niliona aibu baadaye, lakini wakati ule nilikubali. Neno moja tu la "irudi" na jina lake lingebaki palepale lilipokuwa; na siku moja tu ya kungoja, nani angemlaumu? Baba mdogo akamfungua mama mdogo vidole kimoja kimoja, akaitwaa simu. Akaiweka kwenye sikio la kulia, akasikiliza kidogo, akaihamishia la kushoto.

"Ipite," akasema. "Kazi ya huyo dada ni safi, tangu ile ya kwanza uliyonitumia. Mwombe radhi kwa niaba yangu. La, nipe namba yake, nitamwomba mwenyewe." Akasikiliza tena. "Hapana, si mtandao. Ni mimi. Sikio langu la kulia halisikii. Tafuta msikilizaji mwingine."

Nililia mimi, mtu mzima, mbele ya watu ambao hawakulia.

Daktari wa masikio alituona jioni ileile. Alikuwa mwanamke mpole, mdogo kwangu kwa umri. Akamtia baba mdogo vifaa masikioni, akamwambia ainue mkono kila akisikia mlio. Wakati wa sikio la kulia ulipofika tulikaa tunautazama ule mkono. Ulibaki gotini. Ule mluzi, akatueleza, hautoki nje. Ni sikio lenyewe linalofanya hivyo likipoteza usikivu ghafla. Atampa dawa, lakini hawezi kuahidi. Dawa hizi zinataka mtu aje siku zilezile za mwanzo, haraka, kabla sikio halijazoea kimya.

"Lilianza lini, mzee?"

"Jumatatu ya wiki iliyopita. Asubuhi, nanyoa ndevu."

Daktari akahesabu kwenye kalenda yake ya mezani. Siku kumi na moja. Akaiweka kalamu chini.

"Na siku zote hizo mlikuwa mnangoja nini?"

Nilitaka kusema ni mimi niliyewaambia wavumilie. Baba mdogo akaniwahi, akamgeuzia sikio la kushoto, akajibu kwa utulivu, kama anayesoma taarifa ya habari:

"Tulikuwa tunangoja rauta."

Daktari akacheka, akidhani mzee anatania, akanigeukia nicheke naye.