Mama lishe aliyekuta mirungi kwenye gunia lake la unga

Saa nne asubuhi, kando ya barabara ya Tanga–Moshi pale Mkumbara, Serafina Simeo anakoroga maharage, lakini jicho lake liko kwa dereva aliyekaa mezani. Dereva anatafuna taratibu, shavu moja limetuna. Wali wake umepoa. Soda ya pili inakwisha.

"Huyo hatakula," anasema kwa sauti ya chini. "Atalipa, ataondoka."

Serafina, 43, mzaliwa wa Dindira, huuza sahani thelathini siku ikiwa njema, kila moja Sh2,500. Miaka kumi na miwili ya kupakua imemfundisha kuwasoma watu kwa mabaki yao. Mirungi, anasema, humfunga mtu tumbo, humnyima usingizi, humpa maneno mengi, mwisho humpa wasiwasi.

Hayo aliyaona kwa mdogo wake, Stefano, aliyekuwa dereva wa lori la vitunguu.

Mwaka jana Stefano alianza kuacha chakula. Alidai ni uchovu tu. Kisha siku moja akamtaka dada yake auonje mchuzi kwanza.

"Umeweka nini humu, dada?"

"Chumvi."

"Na nini tena?"

Serafina alicheka. Stefano hakucheka. Tangu hapo kila mmoja akawa anamchunga mwenzake.

Wiki mbili baadaye, Serafina alitumbukiza mkono kwenye gunia la unga nyuma ya banda, akagusa kitu chenye unyevu: vifurushi vinne vya vijiti vibichi, vimeviringishwa kwa majani ya mgomba. Chini yake kulikuwa na mfuko wa majani makavu yaliyosagwa, ya kuchemshwa kama chai.

"Mirungi ni marufuku nchi hii. Askari wangekuja siku ile, angefungwa nani?" anauliza. "Banda langu, gunia langu."

Alijua aliyevificha ni mdogo wake. Alivitumbukiza vyote chooni, akampigia simu mwenye lori. Stefano akafukuzwa kazi wiki hiyohiyo, akawa anamwambia kila aliyekutana naye kwamba dada yake kamuuza. Mama yao akakaa miezi miwili bila kupokea simu za Serafina.

"Nilijiuliza kama nimemponza mtu wa tumbo moja. Halafu nakumbuka: lori la tani saba, na anayeliendesha hajalala siku tatu."

Stefano sasa analima kabichi Dindira. Hajaomba radhi. Wiki iliyopita aliandika ujumbe: "Dada, usingizi umerudi. Kabichi zimefunga vichwa. Nikuletee?"

Serafina aliusoma mara nne, akitafuta hila ndani yake. Kesho yake akajibu: lete.

Anapanga kununua mboga kwake kila Jumamosi, na biashara ikikubali, wafungue genge la pamoja hapo barabarani.

"Gunia la kwanza nitalikagua mpaka chini," anasema. "La pili pia. Siku nitakayosahau kukagua, ndiyo nitasema mdogo wangu amerudi."