Baba Mkwe Nje ya Kibanda

Nilikaa, nikasimama, nikakaa tena. Kibanda kile cha mabati kiko juu Mlima Elgon, chini kidogo ya kilele, hakina mlinzi wala kufuli. Anayefika analala, akiondoka anafunga mlango upepo usiung'oe. Chumba ni kimoja. Shida yote ilianzia hapo, kwa sababu baba mkwe wangu alikuwa nje kwenye mvua ya mawe na alikataa katakata kulala mahali nilipo.

Kwetu Bungoma, mke wa mtoto na baba mkwe hawapeani mkono. Hawali meza moja. Kulala chini ya paa moja ndiyo usiseme. Tangu niolewe, mimi na mzee tulikuwa tunazungumza kupitia kwa mume wangu tu, hata tukiwa ua mmoja kule kwake Naitiri.

Mzee alibeba mizigo ya wapanda mlima tangu ujana wake. Ndiye aliyemfunza mwanawe, na mwanawe akanifunza mimi. Safari hii alitaka kufika kileleni kabla magoti hayajamkatalia. Mpango ulikuwa mwepesi: sisi kibandani, yeye ndani ya hema. Basi mume wangu akafungua mfuko wa hema, na nini kikatoka? Turubai la kuanikia mahindi! Punje zilikuwa bado zimenasa. Kitale tunakoishi, wakati wa mavuno kila nyumba ina mfuko kama huo mlangoni, naye alibeba wa kwanza aliouona. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Mzee akalichukua turubai, akaenda kujikunyata chini ya jiwe.

"Mwambie nitajifunika kichwa," nilimwambia mume wangu. "Nitaangalia ukuta mpaka asubuhi."

Akaenda, akarudi ameloa. "Ati mwiko ni mwiko."

"Basi mimi nitoke, yeye aingie!"

"Nimemwambia. Ati ukitoka, yeye anashuka mlima saa hii."

Lo, kichwa ngumu! Nilimkasirikia, kisha nikamwogopea, kisha nikamkasirikia tena. Mvua ya mawe ilipiga mabati nami nikazunguka chumba kile kidogo nikijigonga kwenye vitanda vya mbao. Mzee atakufa, niliwaza, atakufa kwa kuniheshimu mimi, na nitasimama mbele ya mama mkwe niseme nini? Heshima gani hii inayomfaa mtu akiwa maiti?

Mume wangu akatoka tena kumbembeleza. Safari hii alirudi anatabasamu.

"Ametulia bana. Ameacha kutetemeka. Hata koti amefungua."

"Ameacha kutetemeka?"

Niliruka. Mtu akitetemeka kwenye baridi, mwili wake bado unapigana. Akitulia, akasikia joto na kuanza kuvua nguo, unampoteza. Mume wangu analijua hilo kama mimi, lakini alitamani sana kuleta habari njema.

Nilitoka na soksi. Mzee alikuwa ameegemea jiwe, macho nusu wazi. Nikamshika mkono, mara ya kwanza maishani mwangu.

"Baba, inuka!"

Aligeuza uso. "Mama, hii si heshima."

"Heshima tutaitafuta kesho!"

Nikamvuta kwapa moja, mume wangu akavuta lingine, tukamwingiza. Mume wangu alimvua nguo zilizoloa huku nimegeukia ukuta. Hapo tu ndipo niliposhika mila. Tukamtia kwenye mfuko wangu wa kulalia, tukamnywesha chai ya sukari nyingi, tukalala yeye katikati, mmoja wetu huku na mmoja kule. Sikupata usingizi. Kila pumzi yake ilipopotea nilimpiga kiwiko. Baba mkwe! Kiwiko! Naye alinung'unika, nami nikashukuru Mungu.

Kulipokucha mume wangu alitoka kutafuta maji. Mzee akaketi. Nikajifunika uso kwa shuka, nikingoja amwite mwanawe ili aniambie analotaka kusema. Hakumwita.

"Mama," alisema, "jana pale nje nilikuwa nimeanza kusikia joto."

Sote wawili tulijua maana yake.

"Nikaanza kuaga watu wa nyumbani, mmoja mmoja. Nikafika kwako nikashindwa. Sikujua nianzie wapi, maana sijawahi kuongea na wewe."

Nilitoa shuka usoni. Nililia mbele yake, naye hakuangalia kando.